Soma Nomaoi: Msiondoke Kabla ya Jumatatu

Mwenye kupenda farasi akipata njia ya kufika Japani, aipange safari yake iangukie Jumamosi hadi Jumatatu ya mwisho ya Mei, aende Minamisoma, mkoa wa Fukushima, kwenye sherehe ya farasi ya siku tatu iitwayo Soma Nomaoi. Mimi ni saisi, natunza farasi wa kupandisha watalii kando ya Nile huku Jinja, Uganda. Katika nchi ambayo mbung'o hawakuwaacha farasi wakaenea, kazi yangu watu wengi huishangaa. Kule nilikuta mji mzima unaoijua.

Jumapili ndiyo siku ya umati. Asubuhi mamia ya wapanda farasi hupita barabarani wakiwa na deraya na bendera za koo zao mgongoni, mabaragumu ya kombe la bahari yakilia. Usiutazame msafara kutoka ghorofani, wala usikatize mbele yake, maana ni kuwavunjia heshima. Kisha wote huingia uwanja wa Hibarigahara kwa mbio za mita 1,000. Kofia za chuma huvuliwa, wanafunga vitambaa vyeupe kichwani, lakini deraya na bendera hubaki.

Hapo ndipo nilipowavulia kofia. Farasi wetu hushtuka kavera (mfuko wa plastiki) moja tu ikipeperuka njiani. Wale wanakimbia mbio zote huku kitambaa kikubwa kikipigapiga upepo nyuma ya masikio yao, na hatamu haikazwi kwa hofu. Wengi ni farasi waliostaafu mashindano ya kawaida. Wapandaji wengine hukodi, ila ziko familia zinazofuga farasi mwaka mzima kwa ajili ya siku hizi tatu tu, na huwazoeza alfajiri ufukweni.

Baada ya mbio huja kugombea bendera. Fataki 20 hurushwa, kila moja ikiachia bendera mbili, na kundi zima hukimbilia pale zinapoangukia. Anayepata hupanda mbio njia ya kupindapinda hadi juu ya kilima alipo jemadari wa sherehe. Kaeni upande wa kilima, karibu na njia hiyo. Mtaziona nyuso za wapandaji, na pumzi ya farasi mtaisikia.

Wageni wengi huondoka jioni hiyo, na mimi nasema wanaacha kiini cha sherehe. Jumatatu, kwenye hekalu la Odaka, farasi wasio na matandiko huswagwa hadi ndani ya ua, na wanaume waliovaa nyeupe huwakamata kwa mikono mitupu. Wa kwanza hutolewa kwa hekalu. Inasimuliwa kwamba Taira no Masakado, samurai wa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, aliwaachia farasi mwitu wawe ndio adui katika mazoezi ya askari wake. Nimeshika farasi wakali maishani, na pale nilisimama kwa vidole vya miguu nisipitwe na chochote. Odaka hiyo hiyo ilihamwa baada ya tsunami na ajali ya nyuklia ya 2011, na wakazi hawakuruhusiwa kurudi hadi 2016.

Jambo jingine la kuwasifu: sherehe ilikuwa Julai, na joto la 2023 likaua farasi. Kuanzia 2024 wakaihamishia Mei. Desturi kongwe namna hiyo ikasogezwa kwa ajili ya mnyama! Na kwa upande wa wanawake, sharti la kuwaruhusu kushiriki wasichana wasioolewa, walio chini ya miaka 20 peke yao, limefutwa tangu 2025. Binti yangu, anayepanda kunishinda, alifurahi sana kusikia.

Upungufu upo. Kivuli uwanjani ni haba, na matangazo karibu yote ni ya Kijapani, kwa hiyo tafuta mwenyeji wa kukutafsiria. Vyumba vya karibu hujaa mapema. Unaweza kulala Sendai na kupanda treni ya Joban hadi Haranomachi, mwendo wa saa moja na ushee. Waislamu wenzangu, tambi nene za mji wa Namie zinazouzwa vibandani hupikwa na nyama ya nguruwe. Mimi nilikula wali uliobumbwa na samaki ndani, ukafungwa kwa mwani, na ulinishibisha vizuri.

Nawapa nyota tano. Maombi ya viza pelekeni mapema ubalozi wa Japani, Kampala, na mkikata tiketi ya kurudi, iwe ya Jumanne.