Unga wa kuotesha mizizi (IBA 0.3%): unafanya kazi, ila sio kwa kila kijiti

Naanza na maksi ili mwenye haraka aondoke mapema. Unga wenyewe naupa nyota nne kati ya tano, duka nililonunulia linabaki na moja, na hiyo moja ni ya kivuli na kiti walichonipa nikisubiri chenji. Nazungumzia ule unga mweupe wa kuchovya kijiti kabla hujakichomeka kwenye kiriba, unauzwa kwenye vikopo vidogo maduka ya pembejeo, wengi wanauita tu "homoni ya mizizi". Kampuni siitaji maana haina umuhimu, makopo mengi ndani yana kitu kilekile, kinachotofautiana ni asilimia, na asilimia ndo ya kusoma kwanza kabla hujadanganyika na picha ya waridi pale juu.

Kitu cha kwanza muelewe hii sio mbolea wala busta. Karibu kopo zima ni poda ya talki, dawa yenyewe ni gramu 3 tu kwenye kilo nzima, kwa hiyo hakuna chakula humo, ukiumwagia mche unaonyong'onyea kwa njaa hautafanya chochote. Hii ni homoni, inaambia seli zifanye nini, vifaa vya kazi inabidi kijiti kiwe navyo chenyewe.

IBA, yaani hiyo dawa yenyewe iliyomo kwenye kopo, ni ya ukoo wa oksini, ile homoni ambayo mmea unaitengeneza wenyewe kwenye ncha na majani machanga halafu inateremka na shina kwenda chini. Ukikata kijiti, oksini inateremka mpaka pale kwenye mkato inakosa pa kwenda, inarundikana, na ule mrundikano ndo unasababisha seli za pale ziache kazi zake za zamani zianze kutengeneza mizizi. Ndo maana kijiti ukikigeuza kichwa chini miguu juu unajisumbua, na ndo maana ukikiacha na vijani viwili vitatu juu kinashika vizuri kuliko ukikinyoa chote. Unga unachofanya ni kuongezea pale chini.

Sasa ndani ya seli ndo kuna utamu. Jeni zinazohitajika kuanzisha mzizi zipo muda wote, karibu kila seli hai ya mmea inazo, ila nyingi zimezimwa, kuna protini zinazizuia zisisomwe, zimekaa pale kama walinzi wa geti. Oksini ikiingia inamnasisha mlinzi kwenye protini nyingine inaitwa TIR1, akishanaswa anawekewa alama, anapelekwa kusagwa, geti linabaki wazi na jeni zinaanza kufanya kazi, za mwanzo kabisa zinawaka ndani ya dakika chache tu, mizizi ya kuonekana kwa macho ndo inachukua wiki. Kinachonichekesha ni kwamba wataalamu wameonyesha IBA inaotesha mizizi toka 1935, ila kwamba TIR1 ndo inayoipokea oksini imekuja kuthibitishwa 2005. Yaani wenye vitalu wametumia kitu miaka 70 bila mtu yeyote kujua kinaingilia wapi, na biashara ilikuwa inaenda vizuri tu.

Mtu atauliza kwa nini wasiuze oksini ya asili moja kwa moja. Ile inaharibika haraka kwa mwanga na mmea wenyewe unaivunjavunja, IBA inavumilia, halafu ikishaingia mmea unaibadilisha kidogokidogo kuwa ile ya asili. Hata hivyo usiache kopo juani, na kijiti usichovye kwenye kopo lenyewe, mimina kidogo pembeni, maji na uchafu wa vijiti vinaliharibu lote.

Matokeo kwangu hapa Kibaha: bogenvilia tofauti inaonekana waziwazi, nimepanga vilivyochovywa upande mmoja na visivyochovywa upande wa pili, mchanga uleule, kivuli kilekile, vilivyochovywa vimeota mizizi mingi, imezunguka kijiti pande zote, visivyochovywa vimetoa mzizi mmoja mrefu wa upande na vingi vimekauka. Komamanga safi. Waridi safi ila inategemea aina, yale ya dukani ya maua makubwa ni wabishi. Limau poa. Miti migumu iliyokomaa 0.3 ni ndogo, huko inatakiwa 0.8, na vijiti laini vya maua vinatosheka na 0.1, kwa hiyo hii 0.3 ni ya katikati, vijiti vilivyoanza kukomaa ila bado vinapinda.

Muhogo na matembele tafadhali usipoteze hela, vile vinajitosheleza, ukitupa pingili ya muhogo kwenye udongo wenye unyevu itaota bila kukuuliza. Na upande wa pili parachichi na maembe usidanganywe, vijiti vyake ni vigumu mno kushika mizizi, mtaani hapa tunabebesha kwenye shina lililotoka kwenye mbegu na hiyo itabaki ndo njia, hakuna unga wa kukuepusha na kisu.

Usizidishe, hili nalisema kwa herufi kubwa USIZIDISHE. Watu wanaona kidogo kimesaidia wanakipaka kijiti unga mpaka kinafanana na andazi la sukari. Oksini ikizidi chini ya kijiti panakuwa peusi panaoza, na machipukizi ya juu yanagoma kutoka. Kama huamini, ile 2,4-D ya kuulia magugu kwenye mahindi na mpunga nayo ni oksini ya kutengeneza, inafungua mageti yaleyale lakini kwa fujo na mmea hauwezi kuizima, magugu ya majani mapana yanajipindapinda yanakufa. Ndo maana bomba lililopigia 2,4-D ukilitumia kwenye nyanya bila kuosha vizuri unakuta majani yamejikunja kama yamelogwa. Chovya sentimita moja mpaka mbili za chini, gonga kijiti kwenye ukingo wa chombo uliobaki udondoke, toboa shimo kwanza kwa kijiti kingine ndo uchomeke, ukisukuma tu kwenye mchanga unga wote unabaki juu.

Sasa duka. Jamaa kaunta kanishauri kwa kujiamini kabisa nichukue na vidonge vya jiberelini nichanganye "ili mizizi ije kwa spidi". Hapana kaka. Jiberelini inarefusha shina, na kwenye vijiti kwa kawaida inazuia mizizi isianze, unalipa mara mbili ili homoni zipigane. Nayo inafanya kazi kwa ujanja huohuo wa kuondoa protini inayozuia, na zile ngano fupi za Norman Borlaug, mtaalamu wa mbegu wa Marekani, zilizompa Nobel ya Amani 1970, zina protini hiyo iliyobadilika kiasi kwamba jiberelini haiwezi kuiondoa, mmea unabaki mfupi, hauanguki hata ukibeba masuke mazito na ukipewa mbolea nyingi. Kitu kikubwa hivyo halafu mtu anakushauri kukitia kwenye kiriba cha bogenvilia.

Na wale wa madafu nawaona mnakuja. Maji ya dafu kweli yana homoni, maabara za tishu, zile zinazokuza mimea kutoka vipande vidogo kwenye chupa, zimeyatumia toka miaka ya 1940, ila yanajulikana zaidi kwa saitokinini, ambayo ikizidi oksini inavuta upande wa machipukizi badala ya mizizi. Wanaozalisha migomba ya maabara wanachezea uwiano wa hizo mbili, wakitaka machipukizi wanapandisha saitokinini, wakitaka mizizi wanaigeuza hesabu. Dafu kunywa tu, tena na sukari yake kwenye mchanga linakuletea fangasi na sisimizi.

Kilichoniudhi zaidi pale dukani ni kupimiwa. Makopo madogo yamekwisha, wakafungua kubwa wanapima kwa kijiko kwenye mfuko wa nailoni, hakuna asilimia, hakuna tarehe, hakuna chochote, mweupe kama unga wowote mweupe duniani. Nikakataa nikangoja mpaka wakatafuta kopo zima stoo, elfu kumi na tano, na hilo nalo muhuri wa mwisho wa matumizi umefutikafutika. Kwa kitu ambacho tofauti ya 0.1 na 0.8 ndo tofauti ya mche na kijiti kilichooza, kupima kwa kijiko ni utani.

Natafuta ya 0.8 kwa ajili ya bogenvilia zilizokomaa, kopo lililofungwa na tarehe inayosomeka, anayejua duka aniambie, hata kama ni Kariakoo naifuata.