Spika ndogo za rafu za bei nafuu: mi nazipanga hivi

Kama masikio yako yameshazoea mitambo mikubwa, ile ya ampu (kikuza sauti) nzito na spika ndefu zinazotikisa kifua, usiende kusikiliza spika za bei nafuu kwa kutafuta kasoro, maana kasoro utazikuta ndani ya dakika moja na hutakua umejifunza kitu. Swali ni moja tu: aliyezitengeneza alikua na bajeti ndogo, sasa kaamua kuacha nini? Boksi dogo, besi inayoshuka chini, na sauti kubwa kwa ampu ndogo, hivi vitatu havikai pamoja, fizikia haikubali, lazima kimoja kiachwe. Spika mbaya inajifanya inavyo vyote, inapandisha ile besi ya juu juu kwenye 100 Hz hivi (Hz ni mitetemo kwa sekunde, namba ikiwa ndogo sauti iko chini) ili uone ina nguvu, afu mwimbaji anaanza kusikika kama yuko ndani ya pipa. Spika nzuri inaiacha besi ya chini kabisa iende zake, hela yote inawekwa kwenye sauti za kati, na huko ndo muziki wenyewe ulipo.

Kwa kigezo hicho, ya kwanza kwangu ni Wharfedale Diamond 12.1. Wufa, ile koni ya besi, ni ya sm 13, ukinzani wa umeme omu 8, usikivu desibeli 88 (yaani inatoa sauti kiasi gani kwa nguvu ndogo ya ampu), na kampuni yenyewe inakwambia wazi kwamba inaishia kwenye 65 Hz. Watu wengi wakiona hiyo namba wanakimbia, lakini fikiria, uzi wa chini kabisa wa gitaa la besi ni 41 Hz, kwahiyo spika hii mlio wa msingi wa noti ile haikupi sawasawa, ila mlio wa juu yake wa 82 Hz inakupa safi na ubongo unajazia uliobaki, unaifuata laini ya besi toka mwanzo mpaka mwisho wa wimbo bila shida. Na ukifika kwenye sauti ya binadamu sasa, hapo bana, pumzi, midomo, yule mwitikiaji aliyesimama nyuma kidogo ya kiongozi, vyote unavisikia na hakuna kinachokuchoma masikio, unaweza kukaa nazo jioni nzima. Ampu yoyote ya kawaida inazimudu.

Ya pili ELAC Debut B6.2. Hii ilichorwa na Andrew Jones, jamaa aliyepita kampuni ya spika ya KEF na akaja kutengeneza spika za kifahari za chapa ya TAD, na unasikia kabisa kwamba ni mtu anayejua sauti kubwa inatakiwa iweje. Ina wufa ya inchi 6.5 na kwenye karatasi inashuka mpaka 44 Hz, kwahiyo yeye kilichoachwa ni udogo wa boksi, sio la kuweka kwenye rafu nyembamba, na pia inataka ampu yenye nguvu kidogo ndo ichangamke. Faida nyingine ni kwamba tundu lake la hewa liko mbele, so ukiisogeza karibu na ukuta hailalamiki sana kama zile zenye tundu nyuma. Kama chumba ni kikubwa na huna mpango wa kununua sabwufa (spika ya besi peke yake), ipandishe hii iwe ya kwanza.

KEF Q150 naiweka ya tatu, ila kuna watu ni ya kwanza kwao. Twita yake, ile spika ndogo ya sauti za juu, imekaa katikati kabisa ya wufa, ule mpangilio wa Uni-Q ambao KEF walianza nao 1988, kwahiyo sauti zote zinatokea sehemu moja na hata aliyekaa pembeni ya kochi anapata picha nzuri ya jukwaa. Hicho kitu, kujua mpiga ngoma yuko wapi na mwimbaji yuko wapi, ndo kilichonifanya niingie kwenye huu ugonjwa wa stirio na hapa unakipata kwa bei ya kawaida, inafurahisha kwa kweli. Angalia ampu tu, imeandikwa omu 8 lakini kuna sehemu inashuka mpaka 3.7, ampu dhaifu itahangaika.

Q Acoustics 3020i ni ya nne, laini, inafaa chumba kidogo, na inakuja na sponji za kuziba tundu la nyuma kama lazima ikae karibu na ukuta. Klipsch R-51M inapiga kwa nguvu hata na ampu ndogo, ila sauti za juu za twita yake zinajitokeza mno kwa masikio yangu.

Huna ampu na hutaki kununua? Chukua Edifier R1280DB, ampu iko ndani, bluetooth ipo, rimoti ipo, zinakaa vizuri mezani. Usizilinganishe na hizo za juu.

Ila yoyote utakayochukua, tafadhali usiitupe rafuni ukaondoka. Twita iwe usawa wa sikio, spika mbili na wewe mfanye pembetatu, zivute kidogo mbele ya ukuta, mwimbaji akitulia katikati ujue umepatia. Hii kazi ya bure inabadilisha sauti kuliko waya wowote wa gharama.

Na ukienda kujaribu beba nyimbo unazozijua, hasa za sauti na vyombo vichache, afu hakikisha spika zote zinapiga kwa ukubwa uleule, kwasababu sikio linapenda yenye sauti kubwa zaidi hata kama tofauti ni ndogo sana, na muuzaji akibadilisha spika bila kugusa volyumu, mwambie arudie.