Chati ya seli ya neva, Kisumu: hii imechora mpaka aktini

Wasee wa nursing na klinikal mlio Kisumu ama Kakamega, kama mnatafuta chati ya neva ya kubandika ukutani, kuna duka dogo la kuprinti karibu na Oginga Odinga Street wanauza moja kubwa, imelaminetiwa, mia nane. Nimeinunua ya darasa ninalofundisha na naipenda sana.

Chati nyingi huchora aksoni, ule mkia mrefu wa neva unaopeleka ujumbe, kama mrija mtupu, ndani wanaweka mikrotubuli (vijibomba vya protini) mbili tatu basi imeisha. Hii, chini tu ya utando wa seli, imechora pete za aktini, protini ya nyuzi nyembamba inayoshikilia umbo la seli, moja baada ya nyingine aksoni yote, katikati zimeunganishwa na spektrini, protini ingine inayovutika, na wameandika umbali wa pete hadi pete, karibu nanomita 190. Pete zenyewe zilionekana 2013, timu ya Xiaowei Zhuang kule Harvard, Marekani, juu maikroskopu ya kawaida haiwezi kutenganisha vitu vimekaribiana hivyo, ilibidi watumie mbinu ya maikroskopu kali zaidi inaitwa STORM. Kwa hivyo kitabu cha zamani hakiwezi kuwa nazo.

Na si urembo. Fikiria neva inatoka uti wa mgongo mpaka kwa mguu, kwa mtu mzima aksoni moja inaweza kufika kama mita moja na ni nyembamba kuliko unywele, ukikunja goti inavutwa, ukinyoosha inarudi, miaka yote ya maisha yako. Pete zinashikilia umbo vile mbavu za mbao zinashikilia boti za wavuvi wa Dunga hapa Kisumu, spektrini nayo ndio inanyumbuka. Minyoo wa maabara wakikosa spektrini, aksoni zao hukatika wakijikunja tu kutembea! Hiyo iko kona ya chini na ndipo wanafunzi husimama wakauliza maswali.

Kwa dendraiti, yale matawi ya neva yanayopokea ujumbe, sijaridhika. Vile vinundu vidogo vinavyopokea ujumbe kwa sinapsi, pale neva moja inakutana na ingine, vimejaa aktini, na wameonyesha, lakini utadhani ni kitu kimekauka. Aktini ya hapo inajengwa na kubomoka kila wakati, molekuli zinaingia ncha moja zinatokea nyingine, ndio maana kinundu kinaweza kunenepa sinapsi ikipata nguvu. Wangeweka hata mshale mmoja. Ncha ya aksoni inayokua, ile Cajal, mwanasayansi wa neva wa Uhispania, aliieleza tangu 1890, haiko kabisa, na hapo ndipo aktini inasukuma utando mbele neva itafute njia, sasa utaiachaje?

Rangi pia, aktini na mikrotubuli zote kijani, ukikaa nyuma ya darasa huzitofautishi, na uzi wa aktini una unene wa nanomita 7, mikrotubuli 25. Nimepitisha maka nyekundu juu ya aktini.

Unalipa na M-Pesa, ukiwa Nakuru wanakutumia kwa matatu. Nimeagiza ya pili, na mama wa duka amekubali kuongeza ile mishale kabla aprinti.