Matundu ya kiyoyozi darini: yapi yanafaa kwa nyumba za Pwani

Malalamiko ninayoletewa mara nyingi zaidi na wenye nyumba za Dar es Salaam na Mombasa waliofungiwa kiyoyozi cha kufichwa juu ya dari hayahusu baridi wala bili ya umeme, bali alama nyeusi inayojitokeza kwenye jipsamu kuzunguka tundu la kutolea hewa, ambayo hupakwa rangi ikapotea, kisha masika yakaja nayo tena. Mafundi wengi husema huo ni uchafu wa mashine. Aghalabu sivyo: hewa inayotoka kwa kasi huvuta hewa ya chumbani, na vumbi lake hunata pale ukingo wa tundu ulipolowa.

Kwa hiyo sitazungumzia rangi wala mitindo ya sebule, mambo ambayo kila muuzaji anayaeleza kwa ufasaha. Ninachokiangalia ni jasho la tundu, yaani matone ya maji yanayojikusanya juu yake. Hewa ya kiyoyozi hutoka ikiwa na nyuzi 13 hadi 15 hivi, na siku yenye joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75, mvuke hugeuka maji juu ya kitu chochote chenye nyuzi 25 au chini yake. Chumba kikifungwa, hewa yake hukauka. Juu ya jipsamu, chini ya mabati, unyevu uko palepale. Ikiwa kasha la nyuma ya tundu halikuvikwa sufi ya kuhami, au pengo kati ya shingo, yaani sehemu ya tundu inayopokea hewa kwa nyuma, na jipsamu limeachwa wazi, maji yatateremka mpaka yaivimbishe karatasi ya jipsamu.

Nafasi ya kwanza nayapa matundu ya mstari, yale membamba yanayopita kando ya ukuta, kwa sharti kwamba yanunuliwe pamoja na kasha lake. Hapo sifichi upendeleo wangu: nachagua TROX ya Ujerumani, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1951, kwa kuwa tundu na kasha vimebuniwa kuchukuana, na majedwali yake yanaonesha kelele na umbali ambao hewa hufika kwa kila kiwango cha hewa kinachopitishwa. Ni ghali, na bado ningebana matumizi kwenye taa za mapambo kabla ya kubana hapa.

Nafasi ya pili ni ya matundu ya mraba yenye sahani bapa katikati. Hewa hutambaa darini badala ya kumwangukia aliyelala, na sahani ikishushwa unaweza kuifuta, kisha ukamulika kwa tochi uone kama fundi aliziba shingo au alificha tu. Nisingenunua tundu lisilofunguka.

Matundu ya jipsamu yanayomezwa na dari ndiyo mazuri kuliko yote kwa macho, na kwa kuwa jipsamu haipitishi baridi upesi kama alumini, hutoa jasho kidogo. Nimeyaweka ya tatu kwa sababu yakishalowa hukawia kukauka, na kuyabadilisha ni kukata dari.

Yale ya mraba yenye mapezi ya pande nne hufanya kazi vizuri, ila huipa sebule sura ya ofisi. Ya plastiki ni ya bei rahisi, na nakiri kwa shingo upande kwamba hutoa jasho kidogo kuliko alumini. Baada ya muda hugeuka manjano.

Kinachonikera ni wauzaji wa Kariakoo wanaotaja bei ya uso wa tundu peke yake, na mnunuzi akishalipa ndipo huambiwa kwamba kasha, sufi na kizibo cha kurekebishia hewa vinauzwa kando. Wengine hupima uso badala ya shingo, hivyo tundu la milimita 595 linaloonekana kubwa dukani huja na shingo nyembamba inayopiga mluzi usiku kucha. Ukiuliza kipimo cha shingo, unaambiwa “hiyo ni ya Italia”, ingawa boksi halina jina la kiwanda wala namba ya modeli. Dai vipimo vyote viwili viandikwe kwenye risiti kabla hujatoa fedha, na kama muuzaji hataki kuviandika, mwachie tundu lake.