GeoDa kwa mwanafunzi wa uzamili wa jiografia: mwalimu mzuri wa majirani, mtunza kumbukumbu mbovu

Regresheni ya kawaida, yaani njia ya kukadiria jinsi kigeu kimoja kinavyotegemea vingine, huchukulia kwamba kila kipimo kinajitegemea. Kwenye ramani mambo hayako hivyo: wilaya maskini aghalabu hupakana na wilaya maskini. GeoDa, programu ya kuchambua takwimu za kimahali, ilitengenezwa kwa ajili ya tatizo hilo hilo. Luc Anselin na timu yake waliitoa mwaka 2003. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na inakubali Windows, Mac na Linux. Mtu asiyejua kuandika msimbo anaanza nayo siku hiyo hiyo.

Ubora wake mkubwa ni kukulazimisha uamue jirani ni nani kabla ya hesabu yoyote ya kimahali. Unachagua mtindo wa malkia, ambapo poligoni (maumbo ya maeneo kwenye ramani) zikigusana hata kwa kona ni majirani, au wa ngome, ambapo sharti zichangie mpaka wenye urefu. Ukishatengeneza matriki, yaani jedwali la nani ni jirani wa nani, fungua histogramu ya idadi ya majirani kabla ya kwenda mbele. Ukikuta eneo lenye majirani 0, ama ni kisiwa kweli, ama mipaka ilichorwa vibaya ikaacha nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho. Kisiwa kifanyie uamuzi. Nyufa zirekebishe kwenye faili lenyewe.

Wanaotumia umbali kuamua majirani hunaswa kwingine. Umbali unaopendekezwa na programu ni ule unaohakikisha kila eneo lina angalau jirani mmoja. Penye vijiji vilivyotawanyika huku na miji iliyobanana kule, kijiji kimoja cha mbali kinaupandisha umbali huo, na maeneo ya mjini yanajikuta na majirani kwa makumi. Hapo majirani wa karibu kwa idadi maalumu, tuseme 6, hufaa zaidi. Na data ikiwa kwa digrii za latitudo na longitudo, chagua umbali wa tao, unaofuata mviringo wa dunia, la sivyo digrii zitapimwa kama mita za bapa.

Moran's I (kipimo cha jinsi thamani zinazofanana zinavyokaa pamoja kwenye ramani nzima) na ramani za klasta za LISA (kipimo hicho kwa kila eneo) zinatoka kwa kubofya mara chache, na ndiyo hatari yenyewe. Upangaji upya wa nasibu, yaani kuchanganya thamani kwenye ramani ili kuona bahati tu ingetoa nini, umewekwa mara 999, kwa hiyo p (uwezekano wa kupata matokeo kama hayo kwa bahati tu) ndogo kabisa unayoweza kupata ni 0.001, usiandike kwenye tasnifu kwamba ni 0. Kiwango cha 0.05 kilichowekwa tangu mwanzo ni legevu mno, kwani unafanya jaribio moja kwa kila poligoni. Kishushe hadi 0.01 uone klasta zipi zinabaki. Kama kigeu chako ni kiwango cha ugonjwa, tumia Moran iliyorekebishwa kwa njia ya Bayes ya kimajaribio, inayozingatia idadi ya watu wa kila eneo, maana eneo lenye watu wachache hutoa viwango vinavyoyumba kwa sababu ya wagonjwa wawili tu.

Kwenye regresheni, weka alama kwenye kisanduku cha matriki hata kwa modeli ya kawaida. Bila hivyo vipimo vya LM, vinavyoonyesha kama modeli ya kimahali inahitajika na ya aina gani (Lag au Error), havitokei, na wengi hudhani programu haina. LM-Lag na LM-Error zote zikiwa na p ndogo, linganisha matoleo yake ya Robust. Ukishahamia modeli ya kimahali, ilinganishe na ile ya kwanza kwa AIC (kipimo cha ubora wa modeli, ndogo ndiyo bora), kwa sababu R² (sehemu ya tofauti inayoelezwa na modeli) inayoonyeshwa hapo si ile uliyoizoea.

Kasoro kubwa ni kumbukumbu. Faili la mradi linatunza matriki na mipangilio, lakini halikuandikii ulibofya nini na kwa mpangilio upi. Msimamizi akiomba matokeo yarudiwe kwa mipaka mipya, unaanza kubofya upya. Weka daftari tangu siku ya kwanza: aina ya matriki, idadi ya upangaji, namba ya mbegu (inayoanzisha unasibu ili matokeo yarudiwe), kiwango cha p. Anayeweza kuandika msimbo kidogo ahamie rgeoda au pygeoda (maktaba za GeoDa kwa lugha za R na Python) kwa sura za matokeo, na GeoDa yenyewe aibakize kwa uchunguzi wa mwanzo. Anayetaka regresheni yenye uzito wa kijiografia, ambayo vigawo vyake hubadilika mahali hadi mahali, atafute programu nyingine.