Rejeta haivuji, lakini mirija yangu 9 iko wapi?

Karakana yenyewe ni ya rejeta, iko hapa Malindi, nyuma ya soko. Jina silitaji, wenyewe wakisoma watajijua. Nilipokaa kuandika nilikuwa nimeshaamua siwapi hata nyota moja. Sasa moyo umegawanyika, na mtaona kwa nini.

Shemeji yangu anaunda ndege. Ni ya viti viwili, iko chini ya banda la makuti nyuma ya nyumba yake, na miaka yote hii mimi ndiye mtu wa injini. Tumeweka injini ya rota ya Mazda, 13B, iliyotoka kwenye gari lililoletwa Mombasa. Nimeshika injini za pistoni zaidi ya miaka 30 na hii nimeipenda kuliko zote. Haina pistoni wala valvu, ni rota mbili za pembe tatu zinazozunguka. Lakini kuna jambo moja haikusamehi, nalo ni joto.

Injini ya kawaida ikichemka mara moja, huenda ukabadilisha gasketi ya hedi ukaendelea na safari. Hii haina hedi. Kila rota inazunguka ndani ya nyumba ya alumini iliyobanwa kati ya sahani za chuma, na maji yanazuiwa na mipira myembamba iliyolazwa kwenye vijia vyake. Alumini hutanuka kuliko chuma. Tena moto huwaka upande ule ule kila mzunguko, kwa hiyo upande mmoja unaungua na wa pili unapokea hewa baridi. Ukiiacha ichemke, mipira inaungua, maji yanaingia penye moto, na injini nzima inafunguliwa upya. Oili nayo hailainishi tu, ndiyo inayopoza rota kwa ndani. Ndiyo maana tuna rejeta ya maji na nyingine ndogo ya oili, na geji mbili nisizobandua macho.

Gari likichemka utaegesha chini ya mwembe usubiri. Ndege inapopanda, injini iko kwenye nguvu zake zote na mwendo bado mdogo, hewa inayoingia ni chache. Hapo utaegesha wapi?

Basi rejeta yetu ya shaba, ya pikapu, ikaanza kutoa jasho pembeni. Tuliichagua ya shaba, ingawa ni nzito, kwa sababu fundi yeyote mjini aweza kuilehemu. Kaskazi ilikuwa bado kali, karibu na Ramadhani kama sikosei. Nikaipeleka. Mwenye karakana alikuwa kwenye kiti cha plastiki na kikombe cha kahawa. Nikamsalimu, nikamweleza kwa utaratibu: hii ni ya ndege, nataka izibwe pale penye jasho tu, na kama kuna jingine nijulishwe kwanza. Hakuinuka. Akawageukia waliokuwa wakingoja magari yao, akasema, "Mzee huyu ataka kuruka na rejeta ya pikapu." Wakacheka wote. Mimi mtu mzima, nimesimama juani na rejeta mkononi kama mtoto aliyetumwa.

Nikanyamaza kwa sababu kazi naitaka. Siku mbili baadaye nikalipa 4,500 kwa M-Pesa, nikapewa rejeta imepakwa rangi nyeusi inang'aa. Nilifurahi kweli, nasema haki yao.

Tukaifunga, tukajaza maji taratibu ili hewa isibaki juu, tukaifunga ndege kamba kwenye mnazi, tukawasha. Kabla ya hapo, kwa mwendo ule ule wa propela, maji yalikuwa yakitulia nyuzi 88. Safari hii yakapita 90, yakapita 95 ambao ndio mpaka tuliojiwekea, yakagusa 104 na bado yanapanda. Shemeji akazima. Kifuniko cha rejeta kinashikilia mgandamizo, ndiyo maana maji hayakuchemka pale pale, lakini mimi moyo ulikuwa umeshachemka. Injini ya ukoo huu ilishinda mbio za magari za Le Mans mwaka 1991, saa 24 mfululizo, na hapa ilitaka kufa imefungwa mnazini.

Nikapitisha kiganja juu ya rejeta. Sehemu moja inaunguza, inayofuata baridi kama mtungi, kisha inaunguza tena. Mwenye kujua rejeta ameshaelewa. Mirija inayopitisha maji ilikuwa imezibwa kwa risasi ya kulehemu! Badala ya kutafuta tundu lilipo, wamefunga mirija mizima juu na chini, wakapaka rangi, wakachukua pesa. Tisa kati ya 42. Na hakuna aliyefungua kinywa kunambia.

Nikarudi siku ile ile. Yule bwana akanijibu, "Inavuja?" Nikasema haivuji. "Basi wataka nini zaidi?"

Maneno hayo bado yako kifuani. Kwa matatu ya kwenda Mambrui labda mirija 9 si kitu, dereva ataongeza maji njiani. Sikumwambia ni matatu. Nilimwambia ni ndege, akacheka.

Hapa ndipo hukumu yangu inapoyumba. Jioni, baada ya magharibi, kijana wa karakana ile alikuja nyumbani na taa ya gesi na risasi zake mwenyewe. "Ami, nisamehe, niliambiwa niizibe hivyo." Akafungua tangi la juu la rejeta mbele yangu, akazibua mrija mmoja mmoja, akaipuliza ndani ya karai la maji mpaka tukaona kipovu kinapotoka. Tundu lilikuwa moja tu, kwenye mrija wa pembeni. Akaliziba hilo. Hakutaka senti. Kazi safi kama ile sijaiona mjini.

Na ndiye aliyeinama akaona kitu ambacho mimi na shemeji hatukukiona: chini ya rejeta, kwenye njia ya hewa, palikuwa na upenyo wa kidole kizima. Hewa haipendi kujisukuma kwenye matundu ya rejeta, ikipata upenyo inapita huko. Tukauziba kwa mpira wa mlango wa friji kuukuu. Asubuhi maji yakatulia nyuzi 83, chini ya pale pa mwanzo. Kwa hiyo lazima nikubali, nyuzi kadhaa zilikuwa zetu tangu zamani, na bila ugomvi ule tungeenda hewani nazo.

Nilitaka kuandika nyota nne kwa hilo. Kisha nakumbuka kile kiti cha plastiki na kile kicheko, na shemeji yangu ambaye angekuwa juu ya bahari na geji inapanda, nafuta. Nyota zote ni za kijana. Mwenye karakana hana kwangu hata moja, mpaka siku atakayosimama.

Mkipeleka rejeta huko, mtafuteni yule kijana, na tangi la juu lisifungwe kabla hamjahesabu mirija kwa macho yenu.