Laptopu yenye nguvu au seva ya kukodi? Mpangilio wangu kwa waandika programu

Kabla ya kulinganisha chochote, fungua kazi zako zote za kawaida kwa pamoja: kihariri, kivinjari chenye vichupo ishirini, hifadhidata, kontena tatu za Docker (vifurushi vinavyoendesha programu pamoja na vyote inavyohitaji). Kisha tazama RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Ikijaa, mashine huanza kutumia diski kama kumbukumbu, na hapo hata prosesa ya bei ghali hukaa ikisubiri. Wengi wanaolia wanahitaji prosesa mpya wanahitaji RAM tu.

Nafasi ya kwanza naipa mchanganyiko: laptopu ya kati yenye RAM ya GB 32 na SSD (diski ya kasi) ya TB 1, pamoja na seva, yaani kompyuta ya mbali unayoifikia kwa intaneti, unayoikodi kwa saa kazi inapokuzidi. Kazi nzito kweli, kama kufunza modeli ya akili bandia au kukompaili (kugeuza msimbo kuwa programu) mradi mkubwa kuanzia mwanzo, huja kwa vipindi. Kununulia vipindi hivyo laptopu ya kifahari ni sawa na kununua basi kwa sababu ya harusi moja. Ila uliza kama RAM imechomelewa kwenye ubao. Laptopu nyingi nyembamba ziko hivyo, na MacBook za chipu za Apple, zilizoanza kutoka 2020, haziongezewi kumbukumbu kabisa. Ukikosea dukani, utazeeka na kosa hilo. Jambo jingine: chipu hizo ni za aina ya ARM, ilhali seva nyingi zina prosesa za aina nyingine, x86, hivyo kontena uliyoijengea ARM inaweza kugoma kwenye x86 usipoijenga upya.

Ya pili ni laptopu yenye nguvu peke yake. Inamfaa msafiri, mwenye intaneti ya kukatikakatika, na hasa mtengenezaji wa programu za simu. Xcode, zana ya kutengenezea programu za iPhone, haiendeshwi nje ya macOS, na emuleta ya Android (simu ya kuigiza ndani ya kompyuta) hujikokota kwenye seva isiyoiruhusu kutumia uwezo wa prosesa wa kuendesha mashine pepe. Usidanganywe na wembamba: prosesa ikipata joto hujipunguzia kasi. Soma majaribio ya nusu saa, achana na ya dakika moja.

Ya tatu ni seva peke yake, laptopu ikibaki dirisha tu. Kihariri cha VS Code kupitia SSH (njia salama ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali) hufanya kazi vizuri mno, sikatai. Tatizo ni bili. Mwezi una takriban saa 730. Ukifanya kazi saa 8 kwa siku 22, unatumia 176. Usipoizima, unalipia zaidi ya mara nne ya ulichotumia. Na hata ukiizima, kwa kawaida diski yake huendelea kulipiwa. Niliwahi kuacha mashine ya kadi ya grafiki ikiwaka Ijumaa hadi Jumatatu. Siku hizi amri ya kujizima ndiyo ya kwanza kuiandika. Pima pia umbali kwa ping, amri inayoonyesha muda wa ujumbe kwenda kwenye seva na kurudi: ikipita milisekunde 100, kwenye dirisha la amri utaandika huku herufi zikikufuata nyuma. Kodi wiki moja kwanza.

Na kama husafiri, kompyuta ya mezani yenye SSH itakupa nguvu nyingi kuliko laptopu ya bei ileile, na RAM yake utaiongeza mwenyewe kwa bisibisi.